Santuri Aliyoizungusha Polepole

Jumamosi ya soko, mwaka 1964, Tororo ilifurika watu, na duka la Mzee Mutwalibu la redio na santuri halikuwa na pa kutia mguu. Katika kusukumana huko, mwanamume mmoja akamkanyaga Truphena, binti aliyeuza humo.

"Pole, dada. Macho yangu yalikuwa kabatini, kwenye santuri."

"Na viatu vyako vikawa kwangu. Karibu, bwana."

Alikuwa Nashon Egesa, mwalimu wa Busia upande wa Kenya: shati jeupe, tai nyembamba, suruali ingali imebanwa vibanio vya baiskeli. Aliandika katika gazeti la kanisa habari za santuri mpya za muziki wa Kizungu wa zamani, wa vinanda na fidla, ili wanakwaya wajue ipi inafaa. Gramafoni hakuwa nayo. Basi kila Jumamosi akaja kusikiliza dukani, daftari gotini.

"Hii utaipa maksi ngapi, mwalimu?"

"Fidla, saba. Anayeipiga santuri, kumi."

"Eti kumi! Andika kazi yako, wewe."

Hata hivyo Truphena alianza kupiga pasi gauni lake la manjano tangu Ijumaa.

Siku moja ikaletwa santuri ndogo, wimbo wa dakika nne tu. Santuri ndogo hutaka kuzunguka mbio. Truphena akaiweka swichi kwenye mwendo wa polepole wa zile kubwa, ili wimbo usiishe upesi. Nashon alifumba macho, akaandika. Alipoyafumbua alimtazama Truphena kwa namna ambayo binti akaahirisha kumwambia habari ya swichi.

Gazeti likatoka: "Bwana huyu ana sauti nzito, kama aombaye akiwa ndani ya kisima." Kumbe bwana mwenyewe ni mama! Waliokuwa na gramafoni, walioisikia santuri kwa mwendo wake, walicheka hadi machozi, na mhariri akampokonya mwalimu ukurasa.

Simu ikalia dukani. "Truphena, ulijua?"

"Nilijua, mwalimu, lakini..."

"Basi ulinifanya mchezo." Akakata.

Zikapita Jumamosi saba. Kila kengele ya baiskeli ilimwinua Truphena shingo. Usingizini aliyaona makunyanzi madogo ya macho yale yaliyofumbwa, na akiamka alijilaumu.

"Wewe binti, nafuta hiyo kabati ya kioo mpaka rangi natoka," Mzee Mutwalibu alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Wewe nangoja nani?"

"Simngoji mtu, mzee."

"Haya. Basi huyo si-mtu namaliza kioo yangu."

Jumapili Truphena aliomba. Jumatatu akanunua stempu, maana Mungu husikia, lakini mhariri husoma.

"Mheshimiwa Mhariri, kosa si la Mwalimu Egesa. Mimi ndiye niliyeizungusha santuri polepole, kwa makusudi, ili akae dukani. Masikio yake ni mazima. Mrudishieni ukurasa wake."

Barua wakaichapa yote, na jina lake chini. Kanisani wanawake walikanyagana miguu chini ya mabenchi. Truphena aliimba akitazama mbele.

Jumamosi iliyofuata duka lilijaa, simu ikalia.

"Nashon hapa, niko posta. Ukurasa wamenirudishia. Sasa niambie: ulitaka nikae kwa nini?"

Mzee Mutwalibu akazima redio. Wateja wote wakageukia simu.

"Mwalimu, duka limejaa watu."

"Na huku kuna foleni. Nao wanangoja jibu."

Truphena akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili. "Kwa sababu ukiondoka, siku yangu huwa imekwisha, na bado ni saa nane mchana."

Ikaingia sauti ya mtu wa posta: "Dakika tatu zimekwisha, bwana. Utaongeza?"

"Ongeza! Truphena, nije na mjomba wangu dukani, au twende moja kwa moja Mukuju kwa baba yako?"

Mwanamke mmoja aliyeshika betri mkononi alimsukuma kwa kiwiko. "Mjibu, mwanangu!"

"Mukuju," Truphena akasema. "Jumapili, baada ya ibada. Lakini msifike kabla ya saa saba. Baba akishashiba ndipo husikiliza watu."