Mafuta ya Rozi

Jumatatu ya soko Machakos, hata mwizi huomba njia. Kamanthe, mshonaji wa sare za shule pale karibu na Marikiti, alijipenyeza hadi ndani ya duka la dawa za mifugo. Alikuwa amevaa gauni la bluu la maua na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa ufundi, maana mjane wa miaka hamsini na kitu akitoka nyumbani hovyo, watu husema ameshindwa na maisha.

"Nipe mafuta ya kukamulia," alinong'ona. "Mkebe mkubwa."

Mwenye duka aliitwa Kiema, mgane kutoka Mwala, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mkebe mkubwa tena, mama? Kwani uko na ng'ombe wangapi?"

Duka zima likageuka.

Sasa, ukweli ni kwamba Kamanthe hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na uso. Usichanani uso huo ulitosheka na maji ya mtungi na mafuta ya mgando. Alipofika thelathini ukadai losheni ya marashi na poda juu, naye akaulipia bila kunung'unika. Lakini tangu damu ya mwezi ilipomuaga, marashi yaliuchoma, na sabuni iliuacha umekakamaa kama ngoma. Ngozi ya utu uzima haitaki kuamrishwa, hutaka kubembelezwa. Kilichoibembeleza yake ni mafuta ya chuchu za ng'ombe, yaliyopakwa asubuhi na jioni kabla maji hayajakauka usoni. Wanawake wengi wa mji ule walifanya hivyohivyo. Kusema ndiko kulikokuwa na shida.

"Mmoja," alijibu.

"Anaitwa nani?"

"Rozi."

"Na chuchu za Rozi zimepasuka?"

"Kidogo tu. Wakati wa jua kali."

"Pole yake." Kiema alimtazama vile uso ulivyomng'aa, akasahau kurudisha chenji. "Mtu anayetunza ng'ombe hivi si mtu mbaya. Hebu nipe namba yako, nimjulie mgonjwa hali."

Ulikuwa ule wakati simu za mkono zimefika hata kwa wauza miwa. Jioni ileile ya Kamanthe ikalia.

"Rozi ameshindaje?"

"Ameshinda vizuri. Anasema asante."

"Na mwenye Rozi?"

"Huyo hujamuuliza."

"Si ndiyo namuuliza sasa, mwendwa wakwa."

Aiya! Kuitwa mpenzi, tena kwa Kikamba, na mtu mwenye duka! Kamanthe alijilaza kitandani, uso umemeta kama sufuria mpya, akacheka mpaka mto ukaingia mafuta.

Kutoka kwa Rozi wakafika kwenye chai na mandazi hotelini, na kutoka kwenye chai wakafika kwenye kushikana mikono chini ya meza. Halafu Kiema akaharibu.

"Jumamosi nakuja kumwona Rozi. Kwa hayo mafuta anayomaliza, huyo ni mgonjwa."

"Usije! Rozi ni mkali. Hapendi wanaume."

"Atanizoea. Wewe si umenizoea?"

Jumamosi Kamanthe akakimbilia kwa kaka yake, kijijini Kalama, ati anapeleka sare. Kiema akafika kwenye ploti ya Kamanthe, sindano ya dawa mfukoni, akakuta nyumba za ghorofa. Chini palikuwa na saluni ya jirani aliyeitwa Ngina.

"Dada, ng'ombe wa Kamanthe yuko wapi?"

"Ng'ombe?" Ngina alishika kiuno. "Ghorofa ya tatu? Huyo hana hata kuku, baba!"

Kiema alitembea kurudi mjini akipiga hesabu ya mtu wa Mwala. Mafuta yananunuliwa, kwa hivyo ng'ombe wapo. Ng'ombe wapo, kwa hivyo kuna zizi. Na kwenye zizi kuna mwanamume. Mwanamke anamnunulia mwanamume mwingine mafuta, tena dukani kwangu! Akaacha kumpigia. Kamanthe akamflashi, simu ilie mara moja apigiwe, akamflashi tena. Hakupigiwa.

Kamanthe naye, aliposikia Kiema alikuja akauliza, alijua yake. "Amejua napaka mafuta ya ng'ombe. Sasa anahesabu makunyanzi."

"Achana na hayo ya zizini," Ngina akamwambia, akimpa kichupa cha krimu kisicho na jina. "Paka hii. Inarudisha miaka ishirini."

Haikurudisha hata mmoja. Ilichukua ngozi badala yake. Kufikia Jumatatu uso ulikuwa mwekundu, umevimba, unabanduka kama kiazi kilichochemshwa. Kamanthe akajifunika leso mpaka puani, akaenda dukani. Kama ni kuachwa, aachwe akisikia kwa masikio yake.

"Mafuta ya kukamulia," alisema.

Kiema hakuinua kichwa. "Mwambie bwana yako aje ajinunulie."

"Bwana gani?"

"Mwenye ng'ombe!"

"Kiema, hakuna mwenye ng'ombe."

"Basi mafuta ni ya nani?"

Watu wakaacha kununua. Kamanthe alijua akijibu, soko zima litakuwa nalo kabla ya saa sita. Asipojibu, mwanamume huyu ameenda. Akavuta leso chini.

"Ni ya uso huu! Rozi ni mimi!"

Mama mmoja aliyebeba kuku akasema kutoka nyuma, "Hata mimi niko na Rozi wangu nyumbani."

"Na mimi!" mwingine akadakia. Wanawake wakaangua kicheko, wanaume wakatazama viatu.

Kiema hakucheka. Alimshika mkono akampeleka chumba cha nyuma, akaleta maji na kitambaa safi.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe, na krimu ya kichupa. Nilitaka uone msichana."

"Msichana nitampeleka wapi na magoti haya?" Aliinamisha kichwa. "Angalia hapa. Hizi nywele nyeusi ni za chupa. Nazipaka kila Jumamosi, kesho yake kanisani nijione kijana."

Kamanthe akachungulia. Mizizi ilikuwa nyeupe pee. "Usinichekeshe, inauma!"

"Basi tulia. Tupa hiyo krimu. Maji tu, bila sabuni. Halafu mafuta kidogo, bila kusugua, na jua ulikwepe. Isipotulia kesho nakupeleka hospitali. Ndivyo tunavyofanya hata kwa…"

"Malizia sentensi uone."

Akaimeza. "Kamanthe, nilete mbuzi za ntheo kwenu?"

Bila mbuzi hizo, kwa Wakamba mke ni mgeni tu aliyekawia kuondoka.

"Kwa umri huu?"

"Mbuzi hawaulizi umri."

Siku ya mbuzi, Kiema alifika Kalama na kichwa cheupe kama pamba, chupa ya rangi ameiacha milele. Musembi, kaka yake Kamanthe, akampokea kwa heshima zote.

"Karibu, mzee. Sasa huyo kijana wako anayeoa yuko wapi?"

Kamanthe alitokea mlangoni, uso umepona, umenawa, makunyanzi yote yakionekana.

"Ndiye huyo huyo," alisema. "Mpe kiti, na ufunge mbuzi haraka, kabla hajabadilisha nia."