Harufu ya Uani

Kila asubuhi kabla ya shule, Sabra aliosha vyombo uani kwao Magomeni, mjini Mtwara. Alisugua masufuria kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka yakang'aa. Uchafu wote aliusukumia kwenye tundu la maji machafu, ingawa mama yake, Bi Mwaisha, alishamkataza.

Siku moja maji yaligoma kushuka. Sabra akachukua kipande cha nondo, akachokoa kwa nguvu zote. Kitu kikalia "ka!" chini ya zege, maji yakashuka, naye akaenda zake shule.

Baada ya siku nne ua ulinuka, tena vibaya. Maji meusi ya utelezi yalichuruzika kwenye ufa wa sakafu, na funza weupe wakatambaa hadi mlangoni mwa jiko. Kinyaa kilimshika kila mtu. Hata chai haikupita kooni.

"Ni Mama Glory huyo!" Bi Mwaisha alifoka, akimsema mpangaji wao. "Anatupa matumbo ya samaki bafuni. Mwisho wa mwezi ahame!"

Glory na Sabra walikaa dawati moja. Sabra alisikia yote, akaendelea kusugua masufuria.

Jumamosi alikuja fundi bomba, Rajabu. Akaweka tindo mbele ya mlango wa Mama Glory. "Naanzia huku. Nitavunja sakafu mpaka nilione tatizo."

Mama Glory alisimama kando, ameziba pua kwa kanga. Ndani, Glory alikuwa akipanga vitabu vyake kwenye boksi. Sabra alimwona, roho ikamuuma.

"Fundi, usivunje huko!" alisema huku akilia. "Vunja hapa kwenye tundu. Ni mimi niliyechokoa kwa nondo."

Fundi alivunja zege kidogo tu, upana wa sinia. Kona ya bomba la plastiki ilikuwa imepasuka, imejaa makumbi yaliyooza na ute mweusi. Ndoo akapewa Sabra. Akachota, akatapika, akachota tena. Fundi alikata sehemu mbovu kwa msumeno, akafuta bomba likakauka, akapaka gundi na kuunga kona mpya. Alimwaga ndoo tatu za maji kuhakikisha halivuji, ndipo akafunika kwa zege.

"Mama Glory, nisamehe," alisema Bi Mwaisha. "Nimekusema bila kuona."

"Yamekwisha, Mama Sabra."

Bi Mwaisha akamgeukia binti yake. "Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Umemwacha mwenzio asingiziwe, na hilo, mwanangu, linanuka kuliko hiyo ndoo. Sasa kaoge, kisha ukamsaidie Glory kutoa vitabu kwenye boksi."