Malkia Aliyesahau Mistari

Kila asubuhi Jorinde alimeza kidonge chake cha kifafa, akala mkate wenye chembechembe za chokoleti, kisha akapanda baiskeli kwenda shule pale mjini Deventer. Mwezi huo alipaza sauti njiani akirudia mistari yake, hata bata wa mferejini wakaruka kwa hofu. Alikuwa amechaguliwa kuwa malkia katika mchezo wa kuigiza wa kuaga darasa la nane. Lakini mistari aliyoishika jioni, asubuhi ilikuwa imeyeyuka. Hakumwambia mtu. Aliogopa kunyang'anywa umalkia.

Siku ya kliniki alikwenda na baba yake, na Daktari Machteld alimpiga picha za ubongo kwa mashine iliyogonga kama fundi bati. Kisha akamsomea maneno kumi na matano, mara tano, akamwambia atayataja tena baada ya nusu saa. Jorinde akaomba kwenda chooni. Aliporudi na muda ulipofika, akayataja yote bila kukwama.

"Hongera!" daktari akasema. "Hebu nione hicho kiganja."

Jorinde akaiva uso kama nyanya. Kiganja kilijaa maandishi.

"Jorinde wee!" baba yake akamaka.

"Mkijua nasahau mistari, malkia wa mchezo atakuwa mwingine," Jorinde akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nani kakwambia?" daktari akasema. "Hapa hakuna sifuri. Ukinificha, nitatibu nini, wino?"

Baba akaangua kicheko, na Jorinde naye akashindwa kujizuia. Wakarudia kwa maneno mapya. Safari hii alikumbuka sita.

Daktari akamwonyesha picha. "Sehemu za ubongo huwasiliana, kama miji yenye barabara. Kwa baadhi ya watu wenye kifafa, barabara nyingine hupitika kwa shida. Si uvivu wala ujinga. Tutafute njia ya kuzunguka. Kila mstari upe kitendo chake, mwili ukukumbushe."

Kesho yake Jorinde aliwaeleza wenzake darasani juu ya kusahau kwake na ile mbinu ya vitendo.

"Ala! Mimi sina kifafa na nasahau vilevile," Teun akasema. "Nifundishe na mimi!"

Siku ya mchezo ukumbi ulifurika. Katikati, mstari ukampotea. Jorinde akainua kidevu, akashika kiuno kama alivyozoea, na maneno yakaja mbio: "Nani kala jibini ya kifalme?" Watu wakavunjika mbavu.

Baada ya makofi, baba akamkumbatia. "Umeona, mwanangu? Ukweli ulikuaibisha dakika moja tu. Uongo ungekuacha peke yako na shida yako. Anayesema panapomuuma ndiye husaidiwa."