Kadi Shingoni mwa Zulaikha

Kila Jumamosi mama yake Nasiba alivuka mpaka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kununua vitenge vya kuuza sokoni Kamembe. Siku hiyo Nasiba, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyebaki na mdogo wake Zulaikha. Zulaikha alikuwa na mwaka mmoja na nusu, hajui kutulia hata kidogo, na alijua maneno mawili tu, "mama" na "hapana", ambayo aliyasema kutwa nzima.

"Leo usimfungie ndani," mama alisema. "Kifua chake kimepona, na baridi hii ya Julai itakwisha jua likitoka. Mtoe nje acheze. Lakini kule chini darajani usiende."

"Ndiyo, mama."

Ilikuwa siku nzuri. Ukungu uliondoka kwenye ziwa lililo chini ya mlima wao, jua likatoka pole, lisilochoma. Zulaikha alifukuza kuku, akaonja mchanga, akajificha kwenye migomba na kukataa kutoka. Kufikia saa tano Nasiba alikuwa amechoka kumkimbilia, ndipo akakumbuka biskuti.

Mwaka huo wa 1997 wakimbizi walikuwa bado wakirudi kutoka Kongo, na watu wa misaada walikuwa wamepiga hema karibu na daraja la mpakani, juu ya mto Rusizi. Watoto waliopotezana na wazazi waliandikwa pale, wakavishwa kadi shingoni, wakapewa maziwa na biskuti. Nasiba naye alipenda biskuti kuliko hesabu, madrasa na usingizi vikiwekwa pamoja. Alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kitenge, akateremka mlima.

Hemani, mwanamke aitwaye Patricie alikuwa ameketi mezani, akiandika.

"Huyu mutoto ni wa nani?" aliuliza kwa Kiswahili cha upande wa Kongo.

Nasiba alikuwa ameshatunga maneno njiani. "Sijue, Maman. Nilimukuta njiani. Batu banasema mama yake alikufa."

"Mama," alisema Zulaikha.

"Batoto bote banaita vile," Patricie alisema kwa huzuni. Aliandika katika daftari lake na kwenye kadi: *Jina: halijulikani. Mama: amekufa.* Akamvika Zulaikha, kisha akampa Nasiba pakiti mbili za biskuti. "Asante, binti. Uko na roho nzuri. Saa tisa gari litamupeleka ku kituo cha kutunza batoto, pamoja na bengine."

Nasiba aliduwaa. Habari ya gari hakuifikiria kabisa. Angesema kweli palepale mambo yangekwisha, lakini wanawake waliopanga mstari kungoja msaada walikuwa wakimsifu kwa huruma yake, naye akaona haya. Akamwacha Zulaikha na Patricie, akatoka nje na biskuti zake.

Alikaa nyuma ya hema. Alifungua pakiti moja, akawa anatafuna biskuti moja moja hadi adhuhuri ikapita. Msichana wa rika lake, naye ana kadi shingoni, alikuja akakaa karibu. Jina lake Uwimbabazi.

"Umefanya vizuri kumuleta yule mutoto," alisema. "Mimi nilitembea peke yangu. Kila siku naangalia batu banaovuka daraja, pengine nitamuona mama. Wewe uko na mama?"

Nasiba aliiweka biskuti chini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama yake alikuwa mzima, ng'ambo tu ya mto, na yeye amemzika kwa mdomo wake. Alisimama akakimbilia hemani.

"Maman, nilidanganya! Ni mudogo wangu. Mama yetu eko Bukavu."

Patricie aliweka kalamu chini. "Asubuhi ulisema hapana, sasa unasema ndiyo. Batu bengi banakuja kudai batoto basio babo. Nitakuamini namna gani? Kama mama eko, aje mwenyewe."

Ilikuwa saa nane, na mama hurudi jioni. Nasiba alikwenda kwenye kizuizi cha mpaka akamwona Mulume, mpagazi aliyezoea kubeba mizigo ya mama yake kutoka madukani Bukavu.

"Papa Mulume, mwite mama! Aje mbio!"

"Kuna nini? Siwezi kumushitua muntu bure."

Wapagazi na wachuuzi waligeuka kusikiliza. Nasiba alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alisema kwa sauti, "Nilisema mama amekufa ili nipewe biskuti. Sasa wanamchukua Zulaikha."

Hakuna aliyecheka. Mulume alishusha gunia lake, akavuka daraja akikimbia.

Watoto walikuwa wameanza kupanda gari mama alipotokea, hana mzigo, kilemba kimemwanguka mabegani. Zulaikha aliponyoka mikononi mwa Patricie na kumrukia. Patricie alipokwisha kuangalia karatasi za mama, alikubali. Mama akaishika ile kadi, akaisoma polepole.

"Nilikufa lini, Nasiba?"

Nasiba alilia. Mama hakumpiga, na hilo lilimuuma zaidi.

"Ulipotoka hemani ulikuwa umeshajua umekosa," mama alisema. "Uliona haya kusema. Aibu ile ilikuwa ndogo, ungeweza kuibeba peke yako. Ukangoja, ikakua, na uliposema kweli pale hemani hukuaminiwa. Ukikosea, mwanangu, sema palepale. Sasa rudisha biskuti, na uombe radhi kwa kila uliyemdanganya."

Nasiba alimrudishia Patricie pakiti moja nzima na nyingine iliyofunguliwa, akaomba radhi. Patricie aliipokea radhi yake, akaukata kwa kalamu ule mstari kwenye daftari. Kisha Nasiba alikwenda kwenye gari, alikoketi Uwimbabazi.

"Nilikudanganya," alisema. "Yule mtoto ni mdogo wangu. Na mama yangu, niliyesema amekufa, ni yule pale. Nisamehe."

Uwimbabazi alimtazama mama yule aliyembeba mtoto.

"Ni muzuri," alisema. "Usimuue tena."