Bokoboko Lililopumua Stoo

Kila likizo ya baridi, nyumba ya akina Wadha mjini Jahra hugeuka kuwa jiko zima. Baba na mama hutangulia jangwani kusimamisha mahema, na wanaobaki hupika vyakula vya kubeba: kuku wa viungo, mchuzi mzito wa nyanya, na bokoboko, ngano iliyopikwa na nyama ikapigwa mpaka ikawa uji mzito. Bila bokoboko, Bibi Sabika hakubali kwamba mtu amepiga kambi.

Mwaka huu Wadha, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikabidhiwa bokoboko lote. Alilipiga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Bibi alikuwa pembeni akiwapaka kuku viungo, huku amempakata Dahim, mdogo wake Wadha, ambaye alikuwa ametoka hospitali wiki ile kwa maradhi ya tumbo.

"Sasa litandaze kwenye masinia," Bibi akasema. "Likipoa, litie kwenye jokofu. Usilifunike likiwa la moto. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, bibi."

Alisikia kweli. Lakini binamu yake Nasir alikuwa uani akitia mpira upepo, akamwita, "Njoo, mpishi wa sultani! Au umeolewa na hilo sufuria?"

Wadha akaona uvivu wa kuosha masinia. Bibi alipokwenda kumlaza Dahim, Wadha alilimimina bokoboko kwenye ndoo ya plastiki likiwa bado linafuka moshi. Akabana kifuniko, akaifunika ndoo kwa blanketi ili isionekane, akaisukuma kwenye kona ya stoo. Kisha akatoka mbio na maji ya moto ya kuoshea sufuria, akayamwaga kwenye tundu la maji machafu uani. Mvuke ulipompiga usoni ndipo akakumbuka. Hakusema bismillahi.

Nyumbani kwao hakuna anayemwaga maji ya moto kwenye tundu kimyakimya. Majini wanaoishi humo chini huonywa kwanza, wajiondoe na watoto wao. Wadha aliinama akasikiliza. Kule chini kililia kitu, sauti nyembamba, mara moja tu, kikanyamaza.

Jioni Bibi akamuuliza, "Umelitandaza?"

"Nimelitandaza, bibi. Nimeshalihifadhi."

Asubuhi ukungu ulishuka mzito, hata ukuta wa jirani haukuonekana. Baba alipiga simu kusema angekuja kuwachukua ukungu ukiondoka. Nyumba ilikuwa kimya. Wadha akipita mbele ya stoo, akasikia: tok. Halafu ikafuata pumzi ndefu, kama ya mzee anayejigeuza kitandani.

Alimfuata Nasir mbio. "Stoo kuna kitu kinapumua."

"Ni njaa yako hiyo," Nasir akacheka, akaenda kuweka sikio mlangoni. Tok. Pffff. Kicheko kikakatika. "Wadha, umefanya nini wewe?"

"Jana nilimwaga maji ya moto. Sikusema bismillahi."

"Basi umeunguza mtoto wa watu! Wamekuja kudai."

"Usimwambie bibi, tafadhali. Atasema hakuna safari."

"Sisemi. Ila mimi humo siingii hata nikipewa ngamia."

Wadha alifunga mizigo akijilazimisha kufikiria mahema na moto wa kuni, lakini kila mara masikio yake yalirudi stoo. Alikuwa na hofu, na pia aibu ya kumdanganya bibi.

Karibu na adhuhuri aligundua kwamba Dahim hayupo sebuleni. Akasikia sauti yake ndogo ikitoka mwisho wa ukumbi, ikibembeleza.

"Amka basi. Mbona unalala mchana?"

Mlango wa stoo ulikuwa wazi nusu. Ndani mlikuwa na giza la ukungu, na Dahim alikuwa amechuchumaa konani, kijiko mkononi. Mbele yake blanketi lilikuwa likiinuka polepole, likatulia, likashuka.

"Anapumua, dada," akanong'ona. "Nimfunue?"

Nyuma ya Wadha, Nasir aliyemfuata alikuwa anasoma dua kwa kuruka maneno. Ghafla blanketi likaruka, kifuniko kikagonga ukuta, na harufu kali ya uchachu ikajaa stoo. Dahim alishtuka, kisha uso ukamchangamka.

"Kumbe bokoboko!" Akachota kijiko kizima.

"Dahim, liache! Ni la majini!" Nasir akapiga kelele.

Lakini Wadha aliitambua ndoo, na papo hapo akajua kwamba lile halikuwa la majini. Lilikuwa lake. Aliruka mizigo, akakipiga kijiko kikaanguka, akamkumbatia mdogo wake huku akilia, "Bibi! Njoo bibi! Sikulitandaza, nilikudanganya! Dahim asilile!"

Bibi alikuja mbio, akamfungua Dahim mdomo, akatazama hata chini ya ulimi. "Umekula?"

"Sijala," Dahim akalia. "Dada kaninyima!"

Bibi aliketi chini pale pale, mkono kifuani, akamshukuru Mungu. Baadaye ndipo akaeleza. Bokoboko ni zito. Likifungwa la moto, katikati hubaki vuguvugu usiku kucha, huharibika, hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikisukuma kifuniko. Ama kilio cha tundu alichosimuliwa na Wadha, mabomba ya nyumba ile yalikuwa yakilia tangu babu yake Wadha yu hai.

Baba akaambiwa asije mpaka kesho, na kambi ikapungua siku moja. Nasir alisugua ndoo akiwa ameziba pua kwa kilemba. Wadha aliloweka ngano nyingine, akapika, akapiga, na safari hii akalitandaza bokoboko jembamba kwenye masinia matano, Bibi akiwa amesimama kando yake.

"Umekasirika, bibi?"

"Nimeogopa, mwanangu, na mwenye hofu hukasirika," Bibi akasema. "Asubuhi nzima umeogopa usichokiona, na ulichokijua ukakificha. Ukiharibu kitu, sema mapema, hata kama utagombezwa. Bokoboko limeharibika, tumepika jingine. Dahim mwingine tungempika wapi?"