Oili ya Pikapu ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi, Naisula alipanguza vumbi kwenye pikapu kuukuu iliyoegeshwa mbele ya nyumba yao, mtaa wa Sakina. Pikapu ile ilikuwa ya mama yake, aliyeitumia kubebea mboga za soko la Tengeru kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka juzi, baba akaendelea na kazi ileile. Kiti cha dereva bado kilifunikwa kwa kanga ya mama, wala hakuna aliyethubutu kuitoa.

Naisula, mwenye miaka kumi na mitatu, aliipenda pikapu ile, lakini shuleni aliionea haya. Ilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na Brightness, mwanafunzi mwenzake anayeishi mtaa wa kitajiri wa Njiro, alimtania kila siku.

"Mwambie baba yako atumie oili ya kisasa," alisema. "Gari letu linatumia oili nyepesi, halitoi moshi hata kidogo."

Maneno hayo yakamkaa Naisula moyoni. Jumamosi moja baba yake, Mzee Loserian, akamtuma dukani.

"Chukua oili nzito, ileile ya siku zote. Fundi Yona atakuja mchana kuibadilisha."

Dukani, Naisula akanyoosha kidole kwenye galoni jipya linalong'aa.

"Hiyo nyepesi, binti. Ni ya magari mapya," muuzaji alisema. "Lenu ni jipya?"

"Ndiyo," Naisula akajibu, macho chini.

Nyumbani akaimimina kwa siri kwenye galoni tupu la oili ya zamani, baba asijue. Alitaka tu gari la mama yake lisichekwe.

Fundi Yona alikuwa rafiki wa baba tangu walipopata kipaimara pamoja. Alipoanza kumimina, akasita, akaisugua oili kati ya vidole.

"Naisula, mbona nyepesi hivi?"

"Ilikaa juani, fundi. Imepata joto."

Yona alimjua tangu azaliwe. Akamwamini, akaimimina yote.

Wiki mbili hazikuisha. Baba akiwa na mzigo wa kabichi, akipanda mlima wa Oldonyo Sambu, injini iligonga kwa kishindo, ikanoki, isiwake tena. Pikapu ilirudi nyumbani ikivutwa kwa kamba. Naisula hakuwahi kumwona baba akilia tangu siku ya mazishi. Jioni ile alimwona.

Yona alipokuja kuiangalia, baba alimzuia asiiguse.

"Umeniulia gari la marehemu mke wangu. Sijui ulifanya nini, ila toka kwangu."

"Loserian, ndugu yangu..."

"Toka."

Yona alikusanya spana zake akaondoka. Naisula alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno, naye akanyamaza. Jamani, mtoto yule alinyamaza!

Habari zikaenea, majirani wakaanza kupeleka magari yao kwingine. Siku ya nne, akitoka shule, Naisula alimkuta Yona amekaa peke yake gerejini, hana kazi. Akamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," Yona akaitikia kwa upole uleule wa siku zote. Upole ule ulimchoma moyo. Akakimbia nyumbani, akapiga magoti mbele ya baba, akasema yote.

Baba hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda kwa Yona.

"Nimekukosea, ndugu yangu," baba alisema. "Nisamehe. Nitawaambia majirani wote kwamba huna kosa."

Yona alimkumbatia rafiki yake.

"Itapona, fundi?" Naisula aliuliza.

Yona akatikisa kichwa. "Kwa jinsi ilivyogonga, vyuma vya ndani vimesagika. Injini kuukuu imelika, ina nafasi kubwa kati ya chuma na chuma. Inataka oili nzito ijaze nafasi hiyo. Ile nyepesi ilipita tu, vyuma vikasuguana." Akamtazama. "Kutojua si kosa, mwanangu. Lakini mimi nilikuuliza. Ungenijibu kweli mchana ule, ningeimwaga oili yote palepale, na gari la mama yako lingekuwa linatembea leo. Mtu akikuuliza, mwambie kweli hata ukiona aibu, maana kazi yake inategemea jibu lako."

Naisula alilia mpaka akaishiwa sauti.

Baba hakuwa na pesa za injini nyingine, na wiki iliyofuata wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na lori. Baba na Yona walisimama pamoja, Naisula katikati yao, wakaitazama pikapu ikipelekwa mpaka ikapotea kwenye barabara ya Nairobi.