Ndanu Aliyekata Kamba

Ndanu hakuwa na haja ya filamu. Alikuwa ametoka Ruiru kuja Thika kununua vitambaa vya kushonea, gauni la bluu limemkaa sawasawa, na mfuko umemlemea bega. Mbele ya duka la filamu akasikia Mzungu wa kwenye skrini, aliyedondoka gengeni, akisimangwa kwa Kiswahili: "Si nilikuambia ubaki kwenu Makongeni?" Ndanu akaangua kicheko katikati ya soko.

"Hiyo sauti ni yangu," akasema kijana wa fulana nyeupe aliyesimama mlangoni. "Na hicho kicheko ni cha nani?"

"Nimekopa. Narudisha jioni."

Kijana aliitwa Gichuru. Kazi yake ilikuwa kusimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili, akiwapa Wazungu majina ya huku kwetu. Kufikia jioni alikuwa na namba ya Ndanu, na kwa miezi saba simu hazikupoa.

"Umekula, mrembo?"

"Nile nini na hujanichekesha?"

Hata siri yake kubwa Ndanu alimwambia: kwamba aliwahi kumkimbia mchumba wake, Muasya, wiki ile ile ya mahari, kwa woga tu. Gichuru hakucheka, na hapo Ndanu akampenda kabisa. Wakakubaliana Jumamosi waende Ngoliba, kwao Ndanu, wazazi wamwone Gichuru.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa ya chakula, Shiko, mshonaji mwenzake, akamwita kutoka hoteli ya jirani. "Ndanu, kuja haraka! Uko kwa muvi!"

Ilikuwa filamu ya kutisha. Watu watano wamekwama kwenye milima ya theluji, na zimwi linawala mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akachomoa kisu, akaikata kamba iliyomshikilia mpenzi wake. Sauti ya Gichuru ikasema, "Huyo ni Ndanu. Akiogopa hukimbia. Muulizeni Muasya!"

Hoteli nzima ikacheka. Ndanu akatoka nje, akampigia Gichuru simu.

"Babe, wacha nikuambie..."

"Usiniite babe! Siri yangu umewapa watu washushie chapati?"

"Nimekosa, haki ya Mungu. Nikianza kurekodi sisimami, mdomo unatangulia. Nilipoona ile kamba inakatwa, nikajiona mimi. Naogopa utanitoroka Jumamosi."

"Basi uogope!" Akakata simu.

Ijumaa mshono ulimpinda mara tatu, akaufumua mara tatu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Gichuru hakukosea. Tangu Jumatatu nguo zake zilikuwa kwenye begi, na dada yake Kavata alikuwa akimngoja Mombasa. Alimpenda Gichuru na bado miguu ilitaka kwenda. Saa tisa akaondoka kazini bila kuaga na kushuka Thika.

Chumba cha Gichuru huko Makongeni kilikuwa kimetundikwa blanketi ukutani kuzuia mwangwi. Alikuwa akirekodi filamu ile upya, bila jina la mtu. Alipomwona Ndanu mlangoni, akaweka maikrofoni mezani bila kuzima rekodi. Kwenye skrini mwanamke alikwishakata kamba, anakimbia thelujini, zimwi nyuma yake.

Ndanu akachukua maikrofoni.

"Naogopa," akasema. "Begi langu limejaa tangu Jumatatu. Na bado nimekukasirikia, Gichuru. Siri yangu ikitoka tena mdomoni mwako, tumeachana. Lakini kesho saa nne uwe Ngoliba. Vaa shati ya kola, ulete sukari na majani ya chai. Baba anaitwa Mzee Kaleli, usimsalimie kwa niaje. Mimi nitakuwa getini. Sikimbii."

Gichuru alikuwa akilia waziwazi. "Nifute hapo?" akanong'ona.

"Ukifuta, siko getini."

Hakufuta. Ndiyo maana hadi leo watu wa Thika hujiuliza kwa nini yule mwanamke wa Kizungu, huku zimwi likimpumulia shingoni, anamwambia mtu alete sukari na majani Ngoliba.